Imefungwa kwa Sababu Inafunguliwa

Nchi ya Upesi haimo kwenye ramani yoyote, na wenyeji wake hawaoni ajabu: mchora ramani alikwisha kutumwa zamani, ila bado yuko njiani.

Mji wake mkuu unaitwa Nyooka, na katikati ya Nyooka inapita Barabara ya Ushindi. Wageni wote hupelekwa kuiona, maana inasemekana hakuna barabara nyingine iliyojengwa mara nyingi kama hiyo. Mwaka ule wa mambo haya ilijengwa mara sita. Watu wa Mamlaka ya Barabara waliimwagia lami siku ya Jumatatu, nyeusi, laini, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Jumatano wakaja watu wa Maji, wakaipasua kwa urefu ili wapitishe bomba. Hawajamaliza kufukia, wakafika watu wa Umeme, wakaipasua kwa upana. Watu wa Simu nao hawakutaka kuonekana wavivu, wakaipasua kwa mshazari. Mwisho walikuja watu wa Upambaji wa Jiji, wakapanda maua kwenye mashimo yaliyobaki, na maua yakashika vizuri ajabu, kwa kuwa Umeme walikuwa wamelitoboa bomba la Maji.

Pembeni mwa barabara hiyo yaliota maghorofa. Kila ghorofa lilipewa kibali, na hakuna lililoulizwa magari yake yatapita wapi. Swali kama hilo lingemvunja moyo mwekezaji. Basi kila alfajiri magari yote ya Nyooka yalitoka kwenda kazini. Kwenye saa tano yalikuwa yamekaribia kazini, na ikifika saa nane yalianza kutafuta pa kugeuzia yarudi nyumbani. Redio ya taifa iliita hali hiyo "msongamano wa maendeleo". Nchi maskini, redio ilifafanua, hazina foleni.

Si haki kusema serikali ililala. Miaka minne nyuma iliunda Kamati ya Kitaifa ya Kuratibu Uchimbaji, kazi yake ikiwa ni kupanga nani achimbe wapi na lini. Iliteua wajumbe saba, kila mmoja mkubwa wa idara yake, ikawapa ukumbi ghorofa ya tatu, meza ya mviringo, viti saba vinavyozunguka, na katibu.

Katibu huyo alikuwa Hemedi Shaweji, bwana wa miaka arobaini na miwili, mwembamba, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote wizarani. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi alipanga chupa saba za maji mezani, akafungua daftari, akakaa kungoja. Sheria ilitaka akidi ya wajumbe watano. Siku iliyofana kuliko zote walifika wawili, na mmoja wao alikuwa amekosea jengo. Wengine walikuwa kwenye foleni. Ilipogonga saa saba Hemedi aliandika: "Kikao kimeahirishwa. Sababu: foleni. Hatua: suala la foleni litajadiliwa katika kikao kijacho." Alikwisha kuandika kumbukumbu za namna hiyo arobaini na saba, na serikali, ambayo haisahau watumishi wake, ilimtunukia cheti cha utunzaji bora wa kumbukumbu.

Hemedi hakuwa mjinga. Alilelewa tu akaamini kwamba ukiufuata utaratibu, utaratibu nao utakufuata. Mkewe, Mwantumu, mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi, alikuwa akimwambia, "Unakufuata, bwana wee, sikatai. Lakini nao uko kwenye foleni."

*

Mwaka huo Mwantumu alishika mimba. Ilikuwa ya tatu. Mbili za mwanzo hazikufika mwisho, na tangu hapo nyumba ya Hemedi ilikuwa na chumba kimoja ambacho hakuna aliyekizungumzia wala aliyekiwekea kitu.

Hospitali ya wazazi haikuwa mbali. Ukisimama kibarazani kwa Hemedi uliliona paa lake jekundu. Ulishuka Mtaa wa Mkwaju, hatua mia tisa, ukawa getini. Daktari wa pale, Bi. Rukonge, mama mnene asiyependa maneno mengi, alimpima Mwantumu akavua glavu.

"Mtoto amekaa vibaya," alisema. "Nitakupasua. Uchungu ukianza usingoje hata chai ichemke. Njoo. Ukichelewa saa moja, sikuahidi kitu."

"Si mumlaze hapa hapa mapema?" aliuliza Hemedi.

Daktari akamwonyesha wodi. Vitanda vyote vilijaa akina mama waliokwisha kujifungua na kupona, wamevaa, wamefunga mizigo yao, watoto wao wanaanza kukaa. Walikuwa wakingoja waume zao waliokuwa kwenye foleni waje kuwachukua.

Hemedi hakuhangaika sana. Mtaa wa Mkwaju ulikuwa mwembamba, wenye vumbi, lakini ulikuwa na sifa moja ambayo mtaa mwingine wowote wa Nyooka haukuwa nayo: haukuwa umechimbwa. Barabara nyingine zote za kwendea hospitali zilikuwa mahandaki yaliyotandikwa mbao, na mama mwenye uchungu huwezi kumpitisha juu ya ubao.

Wiki tatu kabla ya siku za Mwantumu, Hemedi akirudi kutoka kazini aliona tangazo limebandikwa kwenye nguzo mwanzoni mwa mtaa: Mamlaka ya Maji itachimba Mtaa wa Mkwaju kuanzia Jumatatu. Chini yake kulikuwa na tangazo la pili: Shirika la Umeme litachimba Mtaa wa Mkwaju kuanzia Jumatatu hiyo hiyo. Alisoma yote mawili mara mbili. Kisha akaegemea nguzo ileile.

"Sasa?" aliuliza Mwantumu alipoambiwa.

"Kuna chombo kimoja tu nchi nzima chenye uwezo wa kuzuia."

"Chombo gani?"

Hemedi aliona haya kukitaja. "Kamati yangu," alisema.

Mwantumu akamtazama. Hakucheka, na hilo lilimuuma zaidi. "Hemedi," alisema taratibu, "kama wao hawafiki kwenye kikao, kikao hakina miguu?"

*

Kesho yake saa mbili asubuhi Hemedi alikwapua daftari lake, akaingia Barabara ya Ushindi kwa miguu, katikati ya magari.

Hakuwahi kufika pale saa hizo. Aliona mambo. Aliona bwana ananyolewa ndevu huku kashika usukani, na kinyozi kakaa juu ya boneti. Aliona sare za shule zimeanikwa kwenye vioo vya gari. Aliona muuza magazeti anayeuza gazeti la jana, na wateja wanashukuru, maana walitoka nyumbani jana.

Wa kwanza aliyempata alikuwa Mwenyekiti wa Kamati mwenyewe, Injinia Kifusi, Mkurugenzi wa Barabara. Alikuwa kiti cha nyuma, kavua viatu, anazungumza na redio ya taifa kwa simu, akiwahakikishia wasikilizaji kwamba barabara zote zinapitika. Alipomaliza alishusha kioo.

"Katibu! Unafanya nini huku?"

"Naendesha kikao, Mwenyekiti."

Injinia Kifusi alifikiri. Gari halikuwa limesogea tangu saa kumi na mbili na robo. "Haya, fungua kikao," alisema, "lakini kwa ufupi. Nina haraka."

Gari tano mbele alikuwepo Bwana Mlizamu wa Maji, mtu wa tumbo na tasbihi. Hemedi alimweleza kwa heshima zote, akamwomba asichimbe Mtaa wa Mkwaju kwa siku thelathini.

"Bwana Katibu, unadhani sisi tunapenda kuchimba?" Mlizamu aliugua. "Tunalazimika. Umeme watachimba. Wakitutangulia wataweka nyaya palepale ambapo bomba letu lingepita."

"Bomba lenyewe lipo, Mkurugenzi?"

"Litakuja. Kwanza shimo, halafu bomba. Huwezi kuleta bomba mahali pasipo shimo, litakaa wapi?"

Gari mbili kutoka pale alikuwa Bi. Cheche wa Umeme, amevaa miwani ya jua, anakula korosho.

"Mimi sina shida na huo mtaa," alisema. "Hata sijui uko wapi. Lakini Maji wanachimba. Idara isiyochimba, Bwana Shaweji, watu huiona imekufa."

"Kwa hiyo Maji wakiacha, mtaacha?"

"Waanze wao."

Hemedi akarudi kwa Mlizamu. Mlizamu akasema waanze wao. Hemedi akaenda tena kwa Bi. Cheche. Magari yao yalikuwa karibu kiasi kwamba mmoja akipiga chafya mwingine angeweza kumwambia afya, lakini walikuwa hawajawahi kusemezana, kwa sababu hakukuwa na barua rasmi iliyowatambulisha. Mara ya sita, Hemedi jasho linamtiririka mpaka kwenye soksi, aliwaambia wote wawili kwa mpigo mmoja, "Basi mtaanza pamoja kutofanya kitu." Kutofanya kitu waliona ni jambo wanaloliweza. Wakatia saini.

Kufikia saa sita na nusu alikwisha kumpata wa Simu, na wa Upambaji, ambaye alitia saini bila kuamka vizuri. Watano. Akidi imetimia. Akarudi kwa Mwenyekiti, naye, akiwa palepale alipomwacha, alitangaza kupitishwa kwa Azimio Namba Moja la Kamati ya Kitaifa ya Kuratibu Uchimbaji: kwa sababu ya foleni, Mtaa wa Mkwaju, ambao haujachimbwa, usichimbwe kwa siku thelathini.

Hemedi alikimbia nyumbani kama mtoto aliyefaulu mtihani. Mwantumu alisoma azimio, akahesabu saini kwa kidole. "Tano," alisema. Kisha kidole kikashuka. "Na hii nafasi tupu hapa chini?"

"Ya Waziri tu," alisema Hemedi.

*

Waziri wa Ustawi wa Barabara, Mheshimiwa Dakta Injinia Gwaride, alimpokea vizuri. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye mikono mikubwa ya kupungia umma. Alisoma azimio, akakunja uso.

"Hapa pameandikwa foleni. Foleni ipi?"

Hemedi alidhani anataniwa. "Ya mjini, Mheshimiwa."

"Mji gani?"

"Huu, Mheshimiwa. Nyooka."

Waziri aliegemea kiti, akacheka kwa upole, kama mtu aliyeambiwa kuna simba chini ya kitanda. "Bwana Shaweji, mimi nakaa mji huu. Kila siku natoka nyumbani, nawasha king'ora, dakika tisa niko ofisini. Barabara nyeupe! Mara mbili kwa siku, na sijaona foleni. Ninachokiona ni wananchi, wamejipanga pembeni ndani ya magari yao, wananipungia mikono."

"Hawapungi, Mheshimiwa. Wanaomba wapite."

Msaidizi wa Waziri akakohoa. Hemedi alihisi ulimi wake umemtoka bila ruhusa, akainamisha kichwa. Lakini Waziri alikwisha kuhamia kwingine. Macho yake yalikuwa kwenye neno moja la azimio.

"Haujachimbwa?" alisema. "Huu mtaa haujachimbwa kabisa? Mtaa mzima?"

"Haujawahi, Mheshimiwa."

"Na iko mingapi kama huo?"

"Nijuavyo mimi, ni huo tu."

Waziri akasimama. "Na mmeuacha hivi hivi, bila uzinduzi!"

Akatia saini kwa mkono mkubwa. Pembeni akaandika kwa wino wa kijani: Uzinduliwe Alhamisi. Barabara ya Mfano. Liandaliwe jiwe la msingi.

"Mheshimiwa," alisema Hemedi, "mtaa huo ulikuwepo kabla yetu sote. Msingi unao."

"Lakini jiwe hauna," alisema Waziri, akampa mkono kumuaga.

*

Mtu hawezi kuweka jiwe la msingi hewani. Jumatatu yake katapila lilikuja Mtaa wa Mkwaju, likachimba shimo katikati kabisa, la mita mbili kwa mbili. Hemedi alikimbilia pale na azimio mkononi, akampa msimamizi. Msimamizi alisoma, akamrudishia kwa adabu. "Mzee, hili ndilo linalotekelezwa," alisema. "Ona saini ya Waziri."

Jiwe lilitaka taa, kwa hiyo Umeme wakachimba mfereji. Jiwe lilitaka chemchemi ya kurusha maji mbele ya wageni, kwa hiyo Maji nao wakachimba. Juu ya mifereji likasimamishwa jukwaa, juu ya jukwaa maturubai. Ilipofika Jumatano jioni palikuwa pamebaki upenyo mmoja upande wa kushoto, upana wa mkokoteni, na mbele ya upenyo huo wakafunga utepe mwekundu.

Waziri hakumsahau Hemedi. Kwa kuwa ndiye aliyeleta wazo, alipewa heshima ya kusimama jukwaani na kushika sinia lenye mto wa hariri na mkasi. Alijaribu kukataa. Aliambiwa kwamba mwenye kukataa heshima ya serikali huandikiwa barua.

"Nenda," Mwantumu alimwambia asubuhi ya Alhamisi. "Leo bado. Nimehesabu." Hata hivyo Hemedi alipita kwa jirani yao, Tungaraza, mvuta mkokoteni wa sokoni mwenye shingo nene na moyo mwepesi, akamwomba asiende sokoni siku hiyo.

"Kaka, nenda kashike sinia lako," alisema Tungaraza. "Shemeji yuko na mimi."

Saa nne sherehe ikaanza. Saa nne na robo Waziri akafungua hotuba yake, kurasa ishirini na mbili. "Ndugu wananchi," alisema, "zamani mtu wa Nyooka alikuwa akitembea bila kujua anakwenda wapi. Leo hii, shukrani kwa serikali yenu, anajua anakwenda wapi, na ana muda wa kutosha wa kupafikiria."

Makofi. Brasibendi ya polisi ilikuwa imekaa tayari na tarumbeta zake magotini. Hemedi aliinua macho kutoka kwenye sinia, akaona, mwanzoni mwa mtaa, upande wa nyumbani, nyuma ya kizuizi, mkokoteni. Juu ya mkokoteni palikuwa na godoro. Juu ya godoro alikuwa Mwantumu, amejiegemeza kwa viwiko, uso umemkunjamana kwa maumivu. Mbele yake Tungaraza alikuwa akizozana na askari wa trafiki.

Hemedi aliliweka sinia chini, akashuka jukwaani akapita nyuma ya viti.

"Afande, huyu ni mke wangu. Ana uchungu. Hospitali ile pale."

"Naiona," alisema askari, kijana wa heshima, kapiga pasi mpaka kola. "Lakini barabara imefungwa, mzee."

"Imefungwa vipi, na leo inafunguliwa?"

"Ndiyo sababu imefungwa. Kwa kuwa inafunguliwa."

"Ikishafunguliwa?"

"Itakuwa wazi. Ninayo kwa maandishi." Akatoa karatasi mfukoni, akamsomea: utepe ukikatika, vizuizi viondolewe mara moja.

Hemedi alimshika Mwantumu mkono. Ulikuwa wa baridi na umelowa. "Ulisema leo bado," alisema.

"Nilikosea hesabu," alisema Mwantumu kwa meno yaliyobana. "Tangu nizaliwe, mara ya kwanza. Hemedi, naomba usiende kumwandikia mtu barua." Akainua vidole vinne: uchungu ulikuwa unakuja kila baada ya dakika nne.

Alirudi mbio kwa ofisa wa itifaki, bwana mwenye kaunda suti na orodha. Akamnong'oneza. Ofisa akatazama saa, akatazama orodha. "Utepe ni namba kumi na nne," alinong'ona. "Tuko namba tisa. Baada ya hotuba kuna ngonjera, halafu salamu za wadau."

"Mke wangu atakufa."

"Pole sana. Kama ungetujulisha mapema tungemwingiza kwenye ratiba."

Waziri alikuwa ukurasa wa saba. Hemedi akasimama mahali pake, akalishika sinia, kama alivyozoea kusimama mahali pake maisha yake yote. Akatazama kule kwenye kizuizi. Mwantumu hakupiga kelele. Alikuwa ameinua mkono juu, juu kabisa, na vidole vilikuwa vitatu.

Jambo lililofuata hata yeye hakuweza kulieleza vizuri baadaye. Alikumbuka kwamba chumba kile cha nyumbani kilimjia machoni, kitupu, mlango umerudishwa. Alikumbuka uzito wa mkasi. Alishuka ngazi tatu za jukwaa akiwa wima, hatua za mtu aliyetumwa, na kwa sababu alitembea hivyo hakuna aliyemzuia. Akafika kwenye utepe. Akaukata.

Nchi ya Upesi ni nchi ya utaratibu. Bendi ilikuwa imeandikiwa kwamba utepe ukikatika ipige, ikapiga. Wanawake wa kikundi cha hamasa walikuwa wameandikiwa wapige vigelegele, wakapiga. Fundi wa Maji alifungulia chemchemi, ikaruka, ikamlowesha Waziri akiwa ukurasa wa nane. Yule askari kijana alisikia tarumbeta, akachungulia karatasi yake, akabeba kizuizi akakiweka kando, akapiga saluti. Hakuna karatasi hata moja iliyokuwa imesema nani aukate.

"Twende!" alifoka Tungaraza.

Mkokoteni ukashuka Mtaa wa Mkwaju. Tungaraza alivuta, Hemedi akasukuma kwa nyuma, suti yake ya sherehe imepasuka kwapani, Mwantumu kashika kingo na anataja majina yote ya Mungu. Wakapita upenyoni, gurudumu moja likining'inia juu ya mfereji wa Umeme. Umati ukadhani ni sehemu ya ratiba, ukashangilia. Mtangazaji wa redio ya taifa, aliyekuwa akirusha moja kwa moja, hakusita hata kidogo. "Na sasa, wasikilizaji," alisema, "tunamwona mwananchi wa kwanza akinufaika na Barabara ya Mfano, kwa chombo cha kisasa kisichotumia mafuta!"

Waziri, maji yanamdondoka puani, alibaki amesimama. Halafu, kwa mazoea, akapunga mkono.

*

Bi. Rukonge alikuwepo, alikuwa hajaenda nyumbani kwa siku tisa, kwa kuwa hakuwa na njia. Hemedi alikaa kwenye benchi la ushoroba pamoja na Tungaraza. Tungaraza alitoa kitambaa akajifuta shingo, akakikamua, akajifuta tena. Baada ya muda ambao Hemedi hakuweza kuupima mlango ukafunguliwa, na daktari akatoka akivua glavu.

"Wa kike," alisema. "Wote wazima. Mngechelewa robo saa, nisingekuwa naongea na ninyi hivi."

Hemedi alisimama kushukuru, akajikuta amekaa tena. Alilia mpaka Tungaraza akamshika bega. "Kaka, basi," alisema Tungaraza, naye anafuta macho kwa kitambaa kilekile.

*

Jumanne iliyofuata Kamati ya Kitaifa ya Kuratibu Uchimbaji ilikutana. Ilikutana kikamilifu. Wajumbe wote saba walifika saa tatu kamili, kwa sababu Waziri aliagiza waletwe kwa msafara na ving'ora, jambo likiwa la dharura. Walikaa kwenye viti vinavyozunguka, wakavizungusha kidogo, wakavisifu. Ajenda ilikuwa moja: ufunguaji wa barabara bila mamlaka.

Injinia Kifusi alieleza kwa uchungu kwamba, kwa kuwa utepe haukukatwa na Waziri, Mtaa wa Mkwaju kisheria haujafunguliwa. Kilichopita pale si mkokoteni. Pale hapajapita kitu. Ili kurekebisha dosari hiyo, mtaa ufungwe, uchimbwe upya wote, ujengwe, kisha ufunguliwe inavyotakiwa. Bwana Mlizamu aliunga mkono. Bi. Cheche aliunga mkono kabla Mlizamu hajamaliza. Ilikuwa mara ya kwanza idara hizo mbili kukubaliana kufanya jambo, na Mwenyekiti aliwapongeza kwa uratibu.

Kisha wakamfukuza kazi katibu. Ilichukua dakika nne. Ndipo ilipogundulika kwamba hapakuwa na mwingine wa kuandika kumbukumbu, hivyo wakamwomba Hemedi aandike kufukuzwa kwake kabla hajaondoka. Aliandika kwa mwandiko uleule mzuri, bila kukosea nukta.

"Una la kusema, Bwana Shaweji?" aliuliza Mwenyekiti.

Hemedi aliinua kalamu. "Ninalo. Mtoto ni wa kike. Ana kilo tatu na robo."

Wajumbe wakatazamana. "Hilo haliko kwenye ajenda," alisema Mwenyekiti. "Liingie kwenye Mengineyo."

Hemedi akaliandika kwenye Mengineyo, akafunga daftari, akalisukuma katikati ya meza, akashuka ngazi.

Alitembea mpaka hospitali. Mtaani kwake katapila lilikuwa limekwisha kuwasili, na mafundi wa Maji na wa Umeme walikuwa wakigombea nani aanze. Aliwapita, hakuwaamkia. Wodini Mwantumu alikuwa amekaa kitandani, mtoto kalala kifuani kwake, ngumi moja nje ya kanga.

"Enhe?"

"Wamenifukuza."

Mwantumu alimtazama, akitafuta usoni mwake mahali pa kumpa pole. Halafu akauliza, kwa sababu alikuwa mwalimu wa hesabu na asingeweza kutouliza, "Walikuja wangapi?"

"Wote saba."

"Saba!"

"Saa tatu kamili. Hata mmoja hakuchelewa."

Mwantumu akaanza kucheka. Alijizuia akashindwa, akashika mshono kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine, machozi yanamtoka, mpaka wale akina mama waliofunga mizigo yao wakageuka kumtazama.

"Miaka minne!" alisema alipopata pumzi. "Miaka minne unawapangia chupa za maji, kumbe ungekata utepe siku ya kwanza."